Shukrani Zilizotangulia Mtihani

Mimi si mtu wa kushangilia. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ninaishi naye mtaa wa Gudele, husema nilizaliwa nimechoka. Mimi naiita tahadhari. Masomo nimeyaanza mara tatu maishani. Mara ya kwanza ilikuwa Eldoret, nilikokulia kama watoto wengi wa watu wetu wa Sudan Kusini waliokimbilia Kenya. Baba akaugua, nikatoka chuoni kumuuguza mpaka alipotutoka. Mara ya pili ilikuwa hapa Juba. Siku nilipopata nafasi shangazi alichinja mbuzi, majirani wakala na kulamba vidole, na kabla muhula haujaisha bunduki zikalia mjini, chuo kikafunga milango, nasi tukavuka mpaka kwenda Uganda. Chuo kile hakikufunguliwa tena. Tangu wakati huo, nikimwona mtu anasherehekea jambo ambalo halijatimia, namkumbuka yule mbuzi.

Mara ya tatu ni hii ya ukunga, na nilikuwa nimefika ukingoni. Nilibakiza mtihani mmoja tu, wa vitendo. Mtihani huo hauna karatasi. Mwanafunzi anaingia chumba cha kujifungulia, mtahini anasimama pembeni bila kusema neno, na mama mwenye uchungu ndiye swali. Mama huyo hapangwi. Akija, unatahiniwa, asipokuja, unakaa kwenye benchi na glovu zako mfukoni ukiomba mtu ashikwe na uchungu, jambo ambalo si zuri kuliomba, lakini sote tuliliomba.

Niieleze hali yangu ya wiki zile kama tunavyofundishwa kueleza hali ya mgonjwa. Usingizi ulikuwa mzuri. Chakula nilikula kupita kawaida. Asubuhi nilitoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika, bila sababu ya maana, ili tu nitembee kipande cha njia kabla jua halijawa kali. Siku moja lori la maji lilinirushia tope la barabara nzima na sikukasirika, nilisimama nikalitazama likienda na tangi lake la bluu nikaona ni lori zuri. Mama mmoja wa Uganda anayekaanga chapati karibu na kituo aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nilimwambia sicheki. Nilikuwa nacheka.

Wodini niliweka kiganja juu ya tumbo la mama na nikajua mtoto amelala vipi, kichwa kiko wapi, mgongo umeelekea upande gani. Hapo zamani matumbo yote kwangu yalikuwa matumbo tu. Sasa kiganja kiliniambia, na kila kiliponiambia nilishangaa kidogo kwamba ni changu. Nilishukuru sana siku zile, sitaficha. Lakini nilishukuru kimya kimya, kama mtu anayelamba sukari jikoni wenyewe wakiwa hawapo.

Shangazi hana kimya kimya. Ni mwanamke mkubwa wa sauti kubwa, amekaa Uganda muda mrefu, na Kiswahili chake ni cha huko, na ndani yake amekorogea Kiarabu cha Juba. Akisali huongea na Mungu kama anavyoongea na mwenye duka aliyemzoea. Chuo kilipotangaza tu wiki ya mtihani, alikwenda kanisani kwetu Kator kuomba Jumapili ya ibada ya shukrani. Kwetu hiyo si shughuli ndogo. Kila familia inapewa Jumapili yake kwa foleni, maana wapo wanaoshukuru kwa kupona, wapo wanaoshukuru kwa kurudi salama kutoka kambini, na wapo wanaoshukuru kwa paa jipya la mabati. Kina mama wa kikundi wanashona sare ya kitambaa kimoja. Kwaya inaandaa wimbo. Kunakodiwa hema na viti, kunachinjwa. Shangazi alipata Jumapili iliyofuata mara tu baada ya mtihani wangu. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, isipokuwa aliipigia Juba.

Siku chache kabla ya mtihani ujumbe uliingia kwenye simu zetu sote. Mtahini wa nje hakuweza kusafiri. Mvua zilikuwa zimevuruga safari za ndege. Mtihani umeahirishwa mpaka wiki inayofuata. Niliusoma ujumbe nikiwa nimesimama mlangoni, nikaenda uani alikokaa shangazi chini ya rakuba yetu, kile kibanda cha miti na nyasi tunachokitumia kwa kivuli, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza. Nikasema itabidi ibada isogezwe.

Hakuinua macho. Alisema Jumapili zinazofuata zote zina wenyewe mpaka karibu na Krismasi. Nikamwambia basi tungoje Krismasi. Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mbali kuliko ilivyolazimu.

"Kitambaa ilishakatwa," akasema. "Kwaya ilishaambiwa. Sasa mimi niende niambie Mungu nini, angoje?"

Nilimkumbusha mbuzi wa kwanza. Akanijibu kwamba mbuzi yule alikuwa wa kuingia chuoni na huyu ni wa kutoka, hawana uhusiano. Ukibishana na shangazi unajikuta unajadili ukoo wa mbuzi. Nikaona nimuulize lile lenyewe.

"Na nikianguka?"

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Alinitazama muda mrefu, kwa namna anavyotazama chungu kuona kama kimepata ufa.

"Mimi sishukuru mtihani, biniya," akasema. Biniya ni msichana, na kwake nitakuwa biniya hata nikiota mvi. "Mimi nashukuru wewe."

Nilikwenda kuangalia kama pipa la maji limejaa, na nikaliangalia kwa muda mrefu ingawa kujaa kwake kulionekana kutoka mbali.

Jumapili ikafika. Kitambaa kilikuwa cha manjano chenye ndege wa zambarau, na gauni langu lilinibana kwapani kwa sababu shangazi alimpelekea fundi vipimo vya kichwani mwake. Tuliingia kanisani tukicheza, kina mama mbele, mimi katikati, nikiinua miguu kama anayeruka madimbwi. Mchungaji alilieleza kanisa kwamba binti yao amemaliza masomo ya ukunga. Kisha nikapewa kipaza sauti.

Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, nikausema. "Ndugu zangu, sijamaliza. Nimebakiza mtihani mmoja, na ndio mkubwa."

Watu wakapiga makofi. Waliona ni unyenyekevu. Mama mmoja wa mbele alimgeukia mwenzake akatikisa kichwa kwa kuridhika, kuona binti aliyesoma asiyejivuna. Kwaya ikaanza wimbo wake, shangazi akacheza mpaka kilemba kikamtoka, na vigelegele vikapigwa mpaka masikio yangu yakaziba. Mimi nilikaa nikiwatazama kama mtu anayetazama harusi ya jirani kwa juu ya uzio. Niliogopa, na woga wangu ulikuwa wa kawaida kabisa: niliogopa nani atawaambia watu hawa wote nikianguka, na ataanzia wapi.

Kilichofuata ningekitarajia kama ningekuwa na akili timamu. Kina mama walianza kuja uani. Kwao nilikuwa tayari mkunga, tena mkunga wao, aliyeombewa na kulipiwa ngoma na nyimbo. Wengine walikuja na maswali tu, nikayajibu niliyoyajua na mengine nikawaelekeza kliniki. Lakini mmoja alikuja na tumbo lililoshuka. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Uganda, anauza viatu vya mtumba sokoni Hai Jalaba, na mume wake anaendesha raksha, zile pikipiki za magurudumu matatu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alituletea papai, akakaa, akapumua, akasema alichojia.

"Mimi nataka wewe ndio unizalishe."

Nilimweleza taratibu, kama tunavyofundishwa. Mimi bado ni mwanafunzi, nangoja mtihani kule hospitali kuu. Siwezi kumzalisha peke yangu, tena si nyumbani. Uchungu ukianza asingoje, aende kituo cha afya kilicho karibu naye zaidi, na pale sokoni kwake kipo, tena kizuri. Nilimpima tumbo, nikamwambia mtoto ametulia vizuri na kichwa kiko chini. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaitikia kwa kichwa kila niliposimama. Alipoondoka niliona kwamba nimeeleweka, na nilijipongeza kidogo kwa ufasaha wangu.

Siku ya mtihani mvua ilianza alfajiri. Mtahini alikuwa amefika hatimaye, mama mtu mzima wa Kenya, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na alikuwa anarudi kwao kesho yake. Mwalimu wetu alitupanga kwenye benchi. Wenzangu wengi walikuwa wametahiniwa siku zilizotangulia. Asubuhi ile alikuja mama mmoja, zamu ikamwangukia mwenzangu aliyekaa mbele yangu, naye akamzalisha vizuri, akatoka analia kwa furaha. Nilimkumbatia. Kisha nikabaki peke yangu kwenye benchi.

Hakuna aliyekuja. Barabara zilikuwa zimejaa maji, na nadhani wanawake wote wa Juba waliokuwa na uchungu siku ile waliamua kuuvumilia. Mwalimu alikuja akaketi kando yangu, akasema kwa upole kwamba nisipopata mama kabla ya jioni nitangoja mtahini mwingine atakapokuja, labda mwakani. Alisema labda. Mimi nalijua hilo labda; nilishaishi nalo Eldoret, nikaishi nalo Uganda. Nchi yetu haijawahi kunipa mwaka wa ziada bila kuingiza jambo ndani yake.

Nilikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa. Sikushangaa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba sikushangaa. Niliwaza gauni lenye ndege. Niliwaza shangazi akiingia kanisani Jumapili ijayo, kina mama wakimuuliza habari za mkunga wao.

Mchana ukiwa umeinama niliisikia raksha kabla sijaiona. Iliingia mpaka kwenye ngazi za wodi, tope mpaka kwenye viti, na dereva wake akashuka anapiga kelele za kuomba msaada. Nyuma alikuwa ameketi muuza viatu, ameshika chuma cha paa kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

Mume wake alinieleza baadaye kwamba alisimama mbele ya kile kituo cha sokoni kwao na wauguzi walitoka kumpokea, lakini mke wake akakataa kuachia chuma. Alisema wetu yuko kule mbele, twende. Basi walikuja, wakapita kwenye maji yaliyofika kwenye injini. Ndilo jambo hasa nililomkataza. Nilikasirika, na ndani ya hasira hiyo hiyo nikasimama kutoka kwenye benchi, kwa sababu mama amekuja.

Kuanzia pale nakumbuka kazi tu. Nilinawa, nikavaa glovu, nikamwambia jina langu ingawa alilijua. Mtahini alijiegemeza ukutani, miwani machoni. Niliweka kile kikombe cha bati tunachosikilizia moyo wa mtoto, chenye umbo la faneli, nikainama, nikausikia, wa haraka na imara. Njia ilikuwa imefunguka. Nikamwambia asukume ninapomwambia na apumue ninapomwambia, na safari hii alinitii. Kichwa kilipotoka nilipitisha kidole shingoni na nikakuta kitovu kimezunguka. Hakikubana sana. Nilikivuta polepole, nikakipitisha juu ya kichwa kama mtu anayemvua mtoto fulana, na mtoto akatoka mwili mzima, wa kike, mweupe wa utando, kimya.

Nilimfuta mgongo kwa kitambaa kikavu. Nikamfuta tena. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Kisha akalia, kwa hasira, kama aliyetolewa mahali alipokuwa anastarehe, na mama yake akaanza kumwita Yesu kwa lugha ya kwao. Nilimweka kifuani pake. Nilimchoma mama sindano ya kuzuia damu, nikasubiri, kondo likatoka zima, nikaligeuza na kulikagua. Nikavua glovu.

Mtahini aliteremsha miwani. Hakuniuliza kuhusu kitovu wala damu.

"Huyu mama amekuita 'wetu' tangu mlangoni," akasema. "Mnajuana?"

Nilijua maana ya swali hilo. Mwanafunzi haruhusiwi kujiletea mama aliyempanga kwa ajili ya mtihani, na aliyewahi kufanya hivyo alifukuzwa. Nikamjibu ndiyo, tunajuana. Akauliza tulijuania wapi.

"Kanisani, madam. Alikuwepo kwenye ibada yangu ya shukrani ya kumaliza masomo."

"Lakini hujamaliza."

"Ndiyo, madam. Shangazi hakutaka kungoja."

Alinitazama, kisha akamgeukia mama aliyelala na mtoto kifuani, akamuuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mwanafunzi huyu ndiye aliyemwambia aje hapa. Nilifumba macho. Muuza viatu alikuwa amechoka, na watu waliochoka hawana nguvu za kutunga.

"Huyu alikataa," akasema. "Aliniambia niende penye iko karibu. Mimi ndio sikusikia. Mimi nilimuona kanisani vile watu walimushukuru, nikasema, huyu ndio atashika mtoto yangu."

Mabega ya mtahini yakaanza kutikisika, na nilichelewa kuelewa kwamba anacheka, cheko la ndani la mtu mwenye cheo. Aliniambia nimpatie mama chai yenye sukari ya kutosha. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniambia nimwambie shangazi yangu kwamba kazi yangu ilikuwa safi, ila safari nyingine angoje.

Jioni mwalimu alitoka akanithibitishia. Nimefaulu. Nilimshukuru, nikamshika mkono, nikaaga kwa adabu. Mume wa muuza viatu alikataa nipande boda, akanipeleka Gudele mwenyewe kwa raksha yake ya tope, akiongea njia nzima juu ya binti yake kana kwamba mimi sikuwahi kumwona. Mvua ilikuwa imekatika. Maduka madogo ya barabarani yalikuwa yanawasha taa, watu walikuwa wanafagia maji kutoka vizingitini mwao, na mimi nilishikilia kile chuma cha paa alichokishikilia mke wake, kwa sababu kifua kilikuwa kinanijaa na nilitaka kukifikisha nyumbani kikiwa kimejaa hivyo. Nilikuwa na habari ya kumpa shangazi. Nilikuwa nimengoja kumpa mtu habari kama hiyo tangu Eldoret.

Nilimkuta uani anakaanga samaki. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Shangazi, nimefaulu. Nimemaliza."

"Kwes," akasema, yaani vizuri, akageuza samaki. "Leta sahani ile."

Nikafikiri hakunisikia. Nikarudia kwamba mtihani umekwisha, kwamba mimi sasa ni mkunga kweli. Akaniangalia kwa mshangao wa upole.

"Si tulishashukuru?" akasema. "Kalas, basi imeisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilikuwa imeshapikwa, imeshaliwa, na vyombo vimeshaoshwa, na mimi niliyekaa mezani bila kugusa chakula nilikuwa ndio kwanza nimepata njaa. Nilimpa sahani. Niliingia ndani. Gauni la manjano lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na sikumbuki kuamua lolote; nilivua sare yangu ya hospitali nikalivaa, likanibana kwapani pale pale pa zamani, nikatoka nalo uani.

Shangazi aliniuliza ninakwenda wapi nimevaa hivyo. Nikamwambia siendi popote. Nikasimama katikati ya uwanja wetu wenye madimbwi, nikainua uso, nikapiga kigelegele. Sijawahi kupiga kabla ya hapo, na kilitoka kibovu, kikakatika katikati, nikakianza upya, kikatoka tena, kirefu zaidi, na machozi yakanitoka nacho, na sikuyafuta.

Majirani walifungua milango. Mama wa nyumba ya pili, mwenye duka la unga, alikuja mpaka kwenye uzio na mtoto mgongoni, akauliza kuna nini, nani amezaa, nani ameoa.

Shangazi alikuwa amesimama, mwiko mkononi, ananitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sauti yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ilikuwa ndogo.

"Hakuna kitu, mama," akamjibu. "Ni biniya yangu. Habari ndio imemufikia sasa."